Mchezo usiomtoa mtu: shajara ya mradi wa watoto wadogo, Mikindani

Mei

Mradi umeanza wiki hii hapa Mikindani, Mtwara, kwenye kituo cha kulelea watoto mchana kilicho nyuma ya mji wa kale. Watoto ni wa miaka mitatu hadi sita, walezi ni wawili, mimi ni wa tatu. Kazi tuliyojipangia ni kuwafundisha watoto kuishi na wenzao kwa njia ya michezo ya utulivu: kusubiri zamu, kuomba badala ya kunyang'anya, kusema "sitaki" bila kumng'ata mtu, kumkaribisha aliyesimama pembeni, kushindwa bila kususa.

Ninaposema michezo ya utulivu nina maana ya michezo ambayo mwendo wake unampa mtoto nafasi ya kumtazama mwenzake usoni. Kukimbizana kuna saa yake na hatukukugusa. Asubuhi kabla ya uji uwanja ni wao, rede na kombolela mpaka vumbi linapaa. Lakini mtoto aliye mbioni hana muda wa kuona kwamba yule aliyemsukuma amejiinamia pale ukutani.

Baba mmoja anayeuza samaki ufukweni alinisimamisha mlangoni. "Mwalimu, nasikia mwaka huu watoto wanacheza tu." Nikamwambia wanajifunza, kaka. Mwanao Januari anaingia darasa la kwanza, atakuta wenzake wamejaa, kitabu kimoja wanashika watatu. Kama hajui kusubiri mwenzake amalize kufunua ukurasa, hizo herufi atazisoma saa ngapi? Akauliza, "Na kuhesabu?" Kuhesabu kumo, nikamwambia, njoo siku moja ukae uone. Akasema haya, atakuja. Swali lake ni la haki. Wazazi wengi hapa wanalipa ada ya kituo kwa pesa ya kuungaunga, na wanataka kuona daftari limeandikwa.

Nimebandika karatasi mlangoni ili wazazi wajue kwamba jambo hili halikutoka kichwani mwetu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulitaja kuhusiana kuwa mmoja wa umahiri ambao mtoto alitakiwa kuujenga, sambamba na kuwasiliana, kutunza afya na hesabu za mwanzo. Na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilipangwa kumshughulikia mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, ikiweka afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali pamoja. Mzazi akisoma hayo anakuwa na subira zaidi nasi.

Vifaa tulivyonavyo: vipande vya jamvi chakavu, ndoo ya plastiki ya kupigia ngoma, vifuu vya nazi, kamba ya katani, na komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea mdako. Komwe zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati. Ni za watoto wa miaka mitano na kuendelea, maana wa miaka mitatu bado anatia kila kitu mdomoni na komwe moja inatosha kuziba koo. Korosho ghafi tumezipiga marufuku, ingawa hapa kwetu hakuna kitu kinachookoteka kirahisi zaidi. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, na mtoto akiitafuna midomo yote inaungua. Wadogo wanatumia magunzi na vifuu.

Juni

Kabla ya kubadili chochote tulikaa na daftari tukatazama. Mwongozo wetu ni wa zamani lakini unafaa: mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha namna ya kupanga ushiriki wa watoto wadogo mchezoni. Yupo asiyejishughulisha na lolote, anayecheza peke yake, anayetazama wenzake, anayecheza bega kwa bega na mwenzake huku kila mmoja ana lake, anayecheza na wengine kwa kuazimana vitu, na wapo wanaoshirikiana kutimiza jambo moja. Tulipiga mistari, tukaweka alama ya kila mtoto kila tulipomtazama.

Wa miaka mitatu wengi wanacheza bega kwa bega, na ndipo umri wao ulipo. Aliyenishika moyo ni binti wa miaka minne aliyehamia hapa na mama yake kutoka Newala. Nyumbani kwao wanazungumza Kimakonde. Anasimama kwenye nguzo ya baraza, haombi kuingia, halii. Kwenye daftari la mwenzangu nilikuta ameandikiwa "mpweke". Nikamwomba tumtazame midomo. Wenzake walipokuwa wakizunguka na kuimba ukuti, midomo ya yule binti ilifuata kila neno, na kidole gumba chake kilipiga mdundo juu ya nguzo. Tumefuta "mpweke", tumeandika "anatazama". Mtoto anayetazama namna ile anajifunza mchezo wote kabla hajauingia, na kumvuta mkono kwa nguvu kungemharibia.

Ijumaa ni siku ya mchezo wa viti, desturi ya kituo tangu zamani. Viti vinapangwa, ndoo inapigwa, watoto wanazunguka, ngoma ikinyamaza kila mmoja anawahi kiti, anayekosa anatoka. Niliomba uchezwe vilevile ulivyozoeleka, nikaandika nani anatoka lini na anafanya nini akishatoka.

Wa kwanza kutoka alikuwa mvulana wa miaka mitano ambaye kila mlezi hapa anamfahamu kwa ugomvi. Ngoma iliponyamaza, yeye badala ya kukaa alishughulika kumsukuma mwenzake, kiti kikachukuliwa. Akaenda kukaa kwenye ngazi, akaanza kuwarushia kuku kokoto. Wa pili alikuwa mdogo kuliko wote, akalia. Wa tatu alikuwa binti mmoja mpole ambaye alimpisha mwingine. Mchezo ukaendelea muda mrefu bila wao, na waliobaki mwisho walikuwa wawili ambao nyumbani na hapa hawajawahi kutusumbua: wanasikiliza, wanasubiri, wanajua kutazama.

Nimeliwaza hili wiki nzima na sasa ndilo linalouongoza mradi wote. Mchezo wa kutoana unawapa mazoezi mengi watoto ambao tayari wanayajua, na anayehitaji mazoezi kuliko wote unampeleka kwenye ngazi kwa kuku. Yule mvulana alifanya mazoezi ya kusubiri kwa muda mfupi kuliko yeyote, halafu akabaki na hasira yake na hakuna wa kumwonyesha cha kuifanyia. Ijumaa ijayo hali itakuwa ileile, na baada ya miezi sita tutasema mtoto huyu hafundishiki.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mradi: kuanzia mwezi ujao, hakuna mchezo unaomtoa mtoto.

Julai

Mchezo wa viti umekuwa mchezo wa visiwa. Terry Orlick wa Kanada aliandika sana juu ya michezo ya ushirikiano kuanzia miaka ya 1970, na namna hii ya kupunguza viti bila kupunguza watoto inajulikana kwa walimu wengi duniani. Sisi tumeuleta pwani. Vipande vya jamvi ni visiwa na sakafu ni bahari. Ndoo ikipigwa polepole maji yamekupwa, watoto wanatembea wanaokota chaza. Ndoo ikinyamaza mlezi anasema "maji yamejaa!" na kila mtoto anatakiwa awe juu ya kisiwa. Kila mzunguko tunaondoa kipande kimoja, watoto wanabaki walewale. Akizama mmoja, mchezo unaanza upya kwa wote. Watoto wenyewe wamevipa visiwa majina: Mafia, Songosongo, Kilwa.

Siku za mwanzo walisukumana kama walivyozoea, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba anayebaki nje anawahusu. Hatukuhutubia. Tulisema tu, "maji yamemchukua mmoja, turudie," na ndoo ikaanza tena. Wakachoka kurudia. Ndipo wakaanza kusemeshana: sogea kidogo, shika bega langu, wewe mdogo kaa katikati.

Naandika tukio moja kwa kirefu maana nililiona kwa karibu. Kimebaki kisiwa kimoja, Kilwa, watoto wamebanana wameshikana viuno. Yule mdogo kuliko wote amefika mwisho na hakuna pa kukanyaga. Mvulana wetu wa ugomvi yuko pembezoni, vidole vya mguu wake ndivyo vinavyogusa ukingo wa jamvi. Nilimwona akitazama chini, akamtazama yule mdogo, akatazama chini tena. Kisha akamwambia, "Panda juu ya mguu wangu." Mdogo akapanda, akamkumbatia kiuno. Wengine wakapiga makelele ya furaha, mlezi akahesabu wote, hakuna aliyezama. Mvulana alibaki amesimama hivyo hata baada ya mchezo kwisha, mpaka mdogo aliposhuka mwenyewe.

Sisemi kwamba amebadilika. Saa moja baadaye alimpiga mwenzake kwa ajili ya kikombe. Lakini sasa najua kwamba uwezo anao, na kwamba unatoka akiwekwa mahali unapohitajika.

Yapo yaliyothibitishwa kwingine pia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 na April Bay-Hinitz na wenzake, kwa watoto wa miaka minne na mitano, uliona kwamba katika vipindi vya michezo ya ushirikiano ubabe ulipungua na kusaidiana kukaongezeka, na hali hiyo ilionekana hata muda wa kucheza huru baada ya mchezo. Katika vipindi vya michezo ya ushindani mambo yalikwenda kinyume.

Mchezo wa pili wa mwezi huu ni wa ngoma ya kinyume. Ndoo ikipigwa haraka watoto wanatembea haraka, ikipigwa taratibu wanatembea taratibu. Wakizoea, tunageuza: ngoma ya haraka, mwendo wa taratibu. Hapo mtoto anatakiwa kuzuia kile ambacho mwili unataka kufanya, na huko kujizuia ndiko kunakohitajika mkono ukiwa umeshanyooka kwenda kwenye kikombe cha mwenzake. Mwaka 2011 Shauna Tominey na Megan McClelland wa Marekani walichapisha matokeo ya kutumia michezo ya namna hii kwa watoto wa awali, na waliofaidika kwa kujimudu ni wale walioanza wakiwa nyuma. Nililipokea hilo kwa furaha kubwa. Maana yake ni kwamba yule wa kwenye ngazi ndiye ambaye mchezo unamfaa zaidi, mradi asitolewe.

Agosti

Kujiunga na mchezo ulioanza ni kazi ngumu kuliko tulivyodhani. Mtoto anayetaka kuingia hajui aanzeje, kwa hiyo anabomoa nyumba ya vifuu ili aonekane, halafu anafukuzwa. Tumepata dawa kwenye desturi yetu wenyewe. Kila mchezo una mlango, hata kama ni mstari wa mchanga. Anayetaka kuingia anasimama mlangoni, anapiga hodi. Waliomo wanajibu karibu, wanamsalimu, wanampa kazi. Hodi ikipigwa mara ya tatu bila jibu, mchezo unasimama mpaka ijibiwe. Walijua yote haya kutoka nyumbani, hakuna tulichofundisha ila kukileta mchezoni.

Binti wa kwenye nguzo alipiga hodi kwa mara ya kwanza Jumatano. Sauti haikusikika. Akarudia. Aliyekuwa "mama mwenye nyumba" akaacha kukoroga mchanga, akasema, "Karibu mgeni, vua viatu, chota maji." Akachota maji asubuhi nzima.

Tunacheza pia vitendawili vya uso. "Kitendawili!" "Tega!" "Amengoja zamu ya bembea, kaja mwingine karukia." Anayetegua anaonyesha kwa uso, wengine wanataja jina la hisia. Tulianza na majina mawili tu, kulia na kukasirika. Sasa wanayo mengi: kununa, huzuni, wivu, hofu, haya, kinyongo, hamu. Mtoto mwenye jina la hisia yake anaweza kuja kuniambia "nimeona wivu" badala ya kumfinya aliyepewa viatu vipya. Niliambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno, na binti wa miaka mitano na nusu. Nikamwambia ahsante kwa kuniambia, ukae hapa karibu nami mpaka uishe, na ukaisha.

Juu ya samahani nina msimamo na nimeuandika kwenye mpango wa kituo. Hatumlazimishi mtoto aseme samahani huku amekunja uso. Anayeumiza anapewa kitu cha kufanya: alete maji, aokote vilivyomwagika, akae na aliyeumia mpaka anyamaze. Samahani ikija yenyewe tunaipokea. Ya kulazimishwa inamfundisha mtoto kwamba neno moja linamaliza deni lote, na aliyeumia anabaki na maumivu yake.

Kuna bibi anayemlea yule mvulana, mama wa mtoto yuko Dar es Salaam kwa kazi. Kila jioni anakuja kumchukua, ufito mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kapigana leo?"

Kila siku swali ni hilo, na mtoto analisikia akiwa amesimama baina yetu. Nikamwomba kwa adabu: bibi, kesho usiniulize mimi, muulize yeye, leo umemsaidia nani? Akanitazama. Akasema huyu dawa yake anaijua yeye, na wao walikua bila mwalimu wa kuwachezesha, walicheza mdako mpaka magharibi na wakawa watu. Nikamwambia kwamba mdako wenyewe ndio tunaoutaka, ila wa siku hizi hawaujui vizuri, na ningeshukuru angekuja kutuonyesha. Hakujibu. Siku iliyofuata aliuliza lile swali jipya, kwa sauti ya kukemea lakini aliuliza. Mvulana akafikiri, akasema, "Nimembebea kikombe." Ilikuwa kweli.

Mchezo wa kimya tunaucheza baada ya uji. Asili yake ni kwa Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907. Mlezi anajificha nyuma ya mlango, ananong'ona majina, na anayesikia lake anakwenda kwa kunyata. Hapa kimya kamili hakipatikani, pikipiki zinapita na mafundi wanagonga mbao, basi tumeongeza hatua: wakishafika wote, kila mmoja anataja sauti moja aliyoisikia akisubiri kuitwa. Wametaja mnazi, adhana, tumbo la jirani, na maji yanayorudi kwenye matope ya ghuba. Wanaosubiri kuitwa mwisho ndio wanaosikia mengi, na sasa wapo wanaoomba kuwa wa mwisho.

Septemba

Mafua yamepita, watoto wengi walibaki nyumbani. Tumetumia nafasi kushona mifuko ya kuhifadhia vifaa na kurudia daftari la Juni. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini tusitumie simu, ipo michezo mizuri ya watoto humo. Nilimjibu nilivyoamini: simu haikununii ukiirukia zamu, na hapa tunajifunza cha kufanya na mtu aliyenuna.

Oktoba

Msimu wa korosho umeingia na nusu ya watoto hawaonekani. Familia zinahamia mashambani, nyingine zinalala hukohuko mpaka mavuno yaishe, na mtoto mdogo hana wa kuachiwa. Sina lawama kwa hilo, korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Tumewapa wanaoondoka kipande cha jamvi na maneno machache kwa mkubwa atakayekuwa naye: mchezeshe visiwa chini ya mkorosho, mfanyie kitendawili cha uso, na akipiga hodi mpe kazi ndogo ya kuchambua majani. Asiguse ganda lililopasuka.

Waliobaki wameleta msimu kituoni. Bila sisi kusema lolote, mchezo wa nyumba umegeuka kuwa chama cha msingi, pale wakulima wanapopeleka korosho zipimwe na kuuzwa. Ndoo imekuwa mizani, kokoto ndiyo mzigo. Yupo karani, wapo wapanga madaraja, hii la kwanza, hii la pili, upo msururu wa wakulima wenye viroba, na yupo mtu wa benki aliyekaa peke yake kwenye ngazi. Mmoja alikuja na kibakuli akitaka kununua nje ya mizani, ndiyo biashara ya magendo tunayoiita kangomba. Msururu mzima ukapiga kelele, "Hatuuzi kangomba!" Baada ya kupima, kila mkulima anakwenda kwenye ngazi kuuliza kama hela imeingia, na mtu wa benki anajibu, "Bado, rudi kesho." Wanarudi. Wanakwenda kuzunguka mwembe mara moja, hiyo ndiyo kesho, wanauliza tena.

Mvulana wetu, ambaye kwa uji hawezi kusubiri watoto wawili walio mbele yake, alikaa kwenye msururu huo wa wakulima tangu mwanzo hadi mwisho bila kumgusa mtu, kiroba begani. Mtu mwingine alipotaka kupita mbele, alimwambia, "Mzee, panga foleni." Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alieleza kwamba mchezoni mtoto anajimudu kupita umri wake, kwa kuwa nafasi aliyoichukua ina masharti na yeye anapenda kuyatii ili mchezo usife. Nililisoma hilo chuoni nikalikariri kwa mtihani. Kwenye ule msururu nimeliona likitembea.

Tumeazima hapo. Wakati wa uji sasa upo msururu wa chama, yupo karani wa vikombe, anabadilishwa kila siku. Kusukumana hakujaisha lakini kumepungua kiasi cha walezi kuweza kugawa uji bila kupaza sauti.

Novemba

Bibi amekuja. Hakutuambia, alifika tu asubuhi ameacha ufito nyumbani, akaomba mkeka, akachimba kishimo kwa kidole. Tulitoa komwe. Watoto wakubwa walimzunguka.

Anarusha moja juu, anafagia zote nje ya shimo, anadaka. Anarusha tena, anarudisha zote isipokuwa moja, anadaka. Macho yake hayakuangalia shimo hata kidogo, yalikuwa juu kwenye komwe iliyo hewani, na mkono ukajua njia wenyewe. Anacheza huku anahesabu kwa sauti. Baba wa samaki alikuwa amekuja siku hiyo kama alivyoahidi Mei, akakaa kwenye ngazi, na bibi alipofika kwenye komwe tatutatu akaniambia, "Hii ni hesabu ya kuzidisha kabisa, mwalimu."

Tulimwomba bibi tuucheze wa wawili: mmoja anarusha na kudaka, mwingine anafagia. Alikataa mwanzo, akasema mdako hauchezwi hivyo. Kisha akajaribu na mjukuu wake. Ugumu wake ni kwamba anayerusha akirusha chini mno mwenzake hawahi, akirusha juu mno yeye mwenyewe hadaki. Hakuna anayeweza kufanikiwa bila kumtazama mwenzake. Walikosa mara nyingi. Bibi alikuwa mwepesi wa kukemea, "Wewe!", na mvulana akaanza kununa, mkono tayari umeshika komwe za kutupa. Nilikaa pale pale nikanyamaza. Akasema, "Bibi, rusha juu kidogo, mkono wangu mfupi." Bibi akarusha juu kidogo. Akafagia zote.

Sasa mdako wa wawili ndio mchezo unaoombwa kuliko wote na wa miaka mitano na sita. Bibi anakuja Jumanne na Alhamisi, watoto wanamwita mwalimu wa mdako, na wanamwamkia kwa msururu.

Nimelinganisha daftari la sasa na la Juni. Wengi wa miaka minne na mitano wamesogea kutoka kucheza bega kwa bega hadi kuazimana na kushirikiana, na sehemu ya kusogea huko ni umri tu, watoto wanakua. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kile walezi tunachokishuhudia kila siku: ugomvi wa vikombe, wa bembea na wa nani anaingia umepungua, na watoto wanakuja kwetu wakiwa na maneno ya kueleza. Binti wa Newala yumo kwenye duara, na katika mchezo wa nyumba anapenda kuwa bibi, akiamrisha kwa Kimakonde, na wenzake wamejua maagizo yake yote.

Yasiyosogea nayaandika pia. Mmoja wa miaka mitatu bado anang'ata akichoka, na kwake dawa ni usingizi wa mapema, mchezo hausaidii. Wavulana wakubwa bado wanawanyima wasichana ukarani. Tumeweka zamu, lakini wanatii tukiwepo tu. Mvulana wetu anapiga bado, mara chache, hasa Jumatatu. Tunadhani Jumapili simu ya mama inapigwa, na baada ya hapo mtoto anabaki na hamu isiyo na pa kwenda. Tumemwomba bibi amchezeshe mdako mara tu simu inapokatwa.

Desemba

Mvua zimeanza, baraza inavuja upande mmoja, michezo yote imehamia ndani na visiwa tunavicheza kwa makundi mawili kwa zamu. Kundi linalosubiri ndilo linalopiga ndoo, kwa hiyo hakuna aliyekaa bure.

Kazi ya Januari imepangwa. Mwalimu wa darasa la awali kwenye shule ya msingi ya jirani ameomba tumsaidie kuanzisha michezo hii kwake. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, naye ana wengi kuliko hapo kwa mbali, peke yake, na chumba kimoja. Visiwa kwa darasa zima havitawezekana. Tumekubaliana aanze na vitu vitatu visivyohitaji nafasi: vitendawili vya uso wakiwa wamekaa, mchezo wa kimya kabla ya kutoka, na msururu wa chama wakati wa uji na wakati wa kugawa vitabu. Visiwa vitafuata uwanjani kwa makundi, watoto wa darasa la nne wakipiga ndoo na kuhesabu waliofika. Komwe hazitapelekwa mpaka tumepata mtu mzima wa pili wa kukaa nazo.

Baba wa samaki amejitolea kuleta ndoo. Bibi ameshaanza kusuka ukili wa majamvi mapya, miyaa imeagizwa, na anasema wiki ya kufungua shule vitakuwa tayari vipande vya kutosha makundi manne. Mimi nitakuwa shuleni Jumatatu na Jumatano kwa mwezi wa kwanza, kisha mwalimu ataendelea mwenyewe na nitamtembelea mara moja kwa wiki, na daftari la kutazama litaanza upya kwa watoto wake.